Nani Anampisha Nani: Shajara ya Mradi wa Paka Watano

Mwanzo wa Februari: swali

Swali la mradi huu ni moja: katika nyumba yetu ya Ng'ambo, hapa mjini Unguja, paka gani anampisha paka gani, mahali gani na saa ngapi. Limetokana na hali ya Kanga, mmoja wa paka wetu watano. Amekonda, na tangu vuli anakojolea mkeka wa chumba cha juu ilhali beseni la mchanga liko chini, mwisho wa korido, na mchanga wake hubadilishwa kila asubuhi. Paka anayekojoa pasipo pake hupelekwa kwanza kwa daktari wa mifugo, maana akiumwa wakati wa kukojoa hulichukia beseni lenyewe. Tulimpeleka. Mkojo ukapimwa, kibofu kikapapaswa, ugonjwa haukuonekana. Kilichobaki ni kuwatazama wenzake.

Nyumbani hukumu imeshapita. Anayelaumiwa ni Zafarani, kwa kuwa ndiye mkubwa, ana kichwa kipana na sikio lililochanika, na akilia saa nane za usiku majirani wote husikia. Mama anasema, "Huyo ndiye anayemwonea mtoto wa watu." Kuna jamaa yuko tayari kumchukua. Mimi nimeomba muda. Zafarani ameishi humu miaka, na kumtoa nyumbani kwake kwa dhana ni jambo zito. Kama ndiye, tutaona kwa macho na tutaandika.

Wakazi

Kaniki ni jike mweusi, mkongwe wao, alizaliwa chini ya samadari ya bibi yangu. Tui ni binti yake, mweupe pepe. Doa ni mwana wa Tui, kidume chenye mabaka meusi na meupe, anakaribia mwaka na bado hajahasiwa. Hao watatu ni ukoo mmoja.

Zafarani, wa rangi ya chungwa, aliletwa akiwa mdogo kutoka soko la samaki la Malindi, hapa hapa mjini. Amehasiwa zamani. Kanga aliingia mwenyewe wakati wa mvua za vuli, akajificha chini ya ngazi, hakutoka tena. Ana rangi tatu, nyeusi, nyeupe na chungwa, na kwa ajili hiyo hata kabla ya kumkamata tulijua ni jike: kinacholeta rangi ya chungwa kwa paka kiko kwenye kromosomu ya X, ambayo jike huwa nayo mbili na dume moja, na paka wa kuchanganya chungwa na nyeusi karibu wote ni majike.

Nautaja ukoo makusudi. Asili ya paka wa nyumbani ni paka-pori wa jamii ya *Felis lybica*, mnyama anayewinda peke yake, kwa sababu panya mmoja humtosha mmoja, hakuna cha kugawana. Paka hukusanyika pale tu chakula kinapolundikana: shambani penye ghala, bandarini, sokoni, jikoni kwa watu. Na wakikusanyika, kiini cha kundi huwa ni majike wa damu moja, mama na mabinti na dada, ambao hufikia hata kunyonyesheana watoto. Mgeni asiye na jamaa husukumwa pembeni mwa kundi. Kanga ndiye mgeni huyo.

Kanuni za kutazama

Njia yangu kubwa nimeichukua kwa watu wa nyani. Jeanne Altmann, Mmarekani aliyewafuata nyani wa Amboseli kule Kenya kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1974 makala iliyozipanga njia za kutazama wanyama, na mpaka leo wanafunzi wa tabia za wanyama huanzia hapo. Hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa na paka: ukiandika kila kinachokuvutia jicho, daftari lako litajaa ugomvi na makelele, na mnyama mkimya hutamwona kabisa. Dawa yake ni kumchagua mnyama mmoja kabla, kumtazama kwa muda uliopangwa, na kuandika yake tu, hata kama analala, hata kama wengine wanararuana nyuma yako.

Kwa hiyo kila paka ana robo saa zake, kwa zamu, asubuhi, mchana na usiku.

Njia ya pili ni ya hesabu ya mahali. Nilihitaji saa zisizobadilika za kuandika kila paka yuko wapi, na saa hizo tunazo tayari: adhana tano. Adhana ikianza, mimi au mtoto wa kaka yangu tunapita nyumba nzima na kuandika mahali pa kila mmoja: jikoni, korido, ngazi, chumba cha juu, juu ya friji, dari penye tangi la maji, baraza ya nje. Unguja iko karibu na ikweta, nyakati za sala husogea kidogo sana mwaka mzima, kwa hiyo siku za Februari na za Juni zinaweza kulinganishwa.

Tendo tunalolihesabu zaidi ni kupisha: paka mmoja anakuja, mwingine aliyekuwa hapo anaondoka au anageuza njia, bila kuguswa. Mengine ni kukodoleana macho, kufoka, kupiga kofi, kukimbiza, kulambana, kusuguana mashavu, na kumwendea mwenzake mkia wima.

Hatuingilii kati pasipo hatari. Lakini Mama ana kanuni yake iliyotangulia zangu: paka hafukuzwi kwenye maji, hata yale ya kutawadhia. Humtaja Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani. Basi kopo la maji nimeliondoa kwenye hesabu, maana pale anayeamua nani anywe ni Mama.

Katikati ya Februari: joto la kaskazi

Picha ya kwanza imetoka haraka, na haifanani na ile iliyokuwa vichwani mwetu.

Samaki wanapopaliwa, wa kwanza kwenye sahani ya vichwa na matumbo ni Tui. Hafoki, hapigi. Anaingia tu kati ya wenzake, anateremsha kichwa, wenzake wanarudi nyuma. Zafarani, karibu mara mbili ya uzito wake, anakaa kando na kusubiri mpaka amalize. Kaniki hali chini kabisa. Hungoja kwenye kibaraza cha dirisha la jikoni apewe chake mkononi, na kwa umri wake hilo ameshalipata kuwa haki.

Kwenye mkeka wa Mama baada ya Isha mambo ni mengine. Kaniki akija, Tui ananyanyuka. Si mara moja wala mbili, ni kila anapokuja. Nje kwenye baraza, kuanzia Magharibi, mwenye mahali ni Zafarani: Kaniki akitoka na kumkuta pale hurudi ndani, na Doa hupita ukutani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utotoni, alieleza jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana: huyu humdonoa yule, yule humdonoa wa tatu, mpaka wa mwisho asiyemdonoa mtu. Tangu hapo watu wanautafuta mstari ule kwa kila mnyama. Paul Leyhausen, Mjerumani aliyewachunguza paka kwa makumi ya miaka, alisema kwa paka cheo hutegemea mahali na wakati. Paka aliyetangulia kwenye njia hupishwa na anayekuja, na yule yule anayeshinda hapa asubuhi huweza kupisha pale jioni. Kwa wiki hizi chache nyumba yangu inamuunga mkono Leyhausen.

Mwisho wa Februari: jedwali la kwanza

Nimewaweka wawili wawili. Paka watano hufanya jozi kumi. Kwa kila jozi nimeandika nani amepishwa mara nyingi zaidi, mahali pote pakijumlishwa.

Kaniki anapishwa na Tui, Doa na Kanga. Tui anapishwa na Zafarani, Doa na Kanga. Zafarani anapishwa na Kaniki, Doa na Kanga. Doa anapishwa na Kanga peke yake. Kanga hapishwi na mtu.

Yaani watatu wa juu wamefunga duara: Kaniki juu ya Tui, Tui juu ya Zafarani, Zafarani juu ya Kaniki. Kuna kipimo alichokitoa H. G. Landau mwaka 1951 cha kujua kundi limekaribia ngazi iliyonyooka kiasi gani. Moja ni ngazi kamili, sifuri ni kundi ambalo kila mmoja ana ushindi sawa na mwenzake. Unachukua idadi ya waliompisha kila mnyama, unatoa wastani, ambao kwa watano ni 2, unazidisha tofauti kwa yenyewe, unajumlisha zote, kisha kwa kundi la watano unagawa kwa 10. Kwetu ni 1 + 1 + 1 + 1 + 4, jumla 8, jibu 0.8.

Namba hiyo inavutia, lakini isipewe uzito isioustahili. Jozi kumi zinaweza kutoa matokeo ya namna 1,024, na kati ya hayo 120 ni ngazi iliyonyooka kabisa. Maana yake, paka watano wakipangwa kwa kurusha sarafu tu, kiasi cha mara 12 katika kila 100 utapata ngazi safi. Wakiwa sita inashuka mpaka kama mara 2. Kwa hiyo mtu mwenye paka watatu au wanne anayesema amepata "mpangilio kamili wa vyeo" nyumbani kwake, mpangilio huo unaweza kuwa wa bahati tupu.

Kilichonifaa zaidi ni kuligawa jedwali kwa mahali. Jikoni pekee, duara linakatika na Tui yuko juu. Mkekani, Kaniki. Barazani, Zafarani. Duara lilitokana na kuchanganya vyumba vitatu ndani ya hesabu moja.

Kanga kokote ni wa mwisho. Lakini, na hapa ndipo pananisumbua, kwenye robo saa zake karibu hamna ugomvi. Hakimbizwi. Hapigwi. Anakonda bila ya mtu kumgusa.

Ramadhani

Mwezi umebadilisha nyumba nzima bila ya mimi kupanga lolote, na kwa mradi kama huu hiyo ni neema ndani ya neema. Jiko linalala mchana. Samaki hupaliwa baada ya Alasiri, futari inapoandaliwa, na kuna chakula tena wakati wa daku.

Siku za mwanzo paka walikaa mlangoni mwa jiko saa sita kama kawaida yao. Kisha wakaacha mmoja mmoja, Tui akiwa wa mwisho. Kwenye adhana ya Adhuhuri, Februari nzima Tui alikuwa akiandikwa "korido, mlango wa jiko". Sasa ni "dari" au "chumba cha mbele". Korido mchana iko tupu.

Na mkeka wa juu ni mkavu.

Nimeyaandika haya mawili kwenye ukurasa mmoja, sijayaunga bado. Mwezi huu vitu vingi vimebadilika kwa pamoja: saa za kula, saa za kulala, hata watu wamepungua kupandapanda ngazi mchana. Lakini zamu za Kanga nimeziongeza.

Usiku baada ya tarawehe paka wote huwa ndani na wametulia, ni wakati mzuri wa kutazama kulambana. Kaniki humlamba Doa kichwani na shingoni, yeye ameketi wima, Doa amejilaza. Mara nyingi kazi hiyo huishia kwa kofi. Zamani ningeiita mapenzi na kufunga daftari. Mwaka 1998 Mholanzi Ruud van den Bos aliandika juu ya kundi la paka walioishi pamoja ndani, akaona wenye cheo cha juu huwalamba wa chini kuliko wa chini wanavyowalamba wao, na mlambaji ndiye hukaa mkao wa juu na ndiye mara nyingi huanzisha ukali. Kwa Kaniki na Doa ni hivyo hivyo. Mimi siamini kwamba hilo linaondoa mapenzi. Bibi anayemwogesha mjukuu kwa nguvu naye anampenda, na anamwonyesha nani mkubwa.

Jambo la Zafarani na Kanga limenishangaza na kunifurahisha. Akimwona Zafarani anaingia kutoka barazani, Kanga humwendea mkia umesimama wima, humsugua shavu ubavuni, naye husimama akangoja. Simona Cafazzo na Eugenia Natoli, waliochunguza kundi la paka mjini Roma, walionyesha mwaka 2009 kuwa mkia wima mara nyingi hutolewa na paka wa chini kumwelekea wa juu, ni salamu ya kuja kwa amani. Anayemwogopa mwenzake hamwendei hivyo. Nilimwita Mama aone mwenyewe. Alitazama kwa muda, akasema, "Basi si huyu." Hakuongeza neno, nami sikuongeza.

Baada ya Idi

Saa za jiko zimerudi. Wiki haikuisha, mkeka wa juu umelowa.

Sasa ninamfuata Kanga kuliko wengine wote, na nimekaa juu ya ngazi mahali ninapoweza kuiona korido bila ya yeye kunijali. Haya ndiyo niliyoyaandika mchana mmoja, bila kupunguza: Kanga anaamka mkekani, anajinyoosha. Anashuka ngazi mbili. Anasimama. Anatazama chini. Tui ameketi mlangoni mwa jiko, mgongo kwa ukuta, miguu imekunjwa chini ya kifua, anatazama korido. Kanga anakaa ngazini. Tui hajasogea, hajatoa sauti, mkia umetulia. Kanga anashuka ngazi moja zaidi, anasimama tena, anageuka, anapanda. Anachakura mkeka.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa pembeni yangu. Akanong'ona, "Shangazi, mbona Tui hafanyi kitu? Amekaa tu."

Nikamwambia, "Andika hivyo hivyo. Amekaa."

Jedwali langu la Februari lisingeweza kulinasa jambo hili, kwa sababu kupisha nilikoeleza kunahitaji paka wawili wakaribiane, na Kanga hafiki karibu. Kwa hiyo tumeongeza safu mpya katika daftari: "alitaka kupita, akarudi". Safu hiyo imejaa upande wa Kanga, na upande wa pili jina ni moja tu, Tui, mahali pamoja tu, korido, na saa ni zile zile za kuelekea Adhuhuri, samaki wanapongojwa.

Ramani ya nyumba inaeleza yaliyobaki. Mlango wa jiko unafungukia korido, na korido hiyo ndiyo njia pekee ya kwenda kwenye beseni. Tui hakuja pale kumzuia mtu. Anangoja vichwa vya kibua. Ila mahali anapongojea ndipo mlango wa choo cha mwenzake ulipo, na jike wa ukoo wenye nyumba akikukodolea macho njiani, wewe mgeni usiye na jamaa hupiti. Zafarani hupita, maana akifika pale hutazama kando, hupita upande wa ukuta, wala hatazamwi. Doa hupita mbio. Kaniki hupita katikati na Tui ndiye husogea. Kanga peke yake ndiye anayerudi.

Na sahani moja ya pamoja iko jikoni. Anayeshindwa kulifikia beseni haifikii na sahani. Kumbe alikuwa akila mabaki ya usiku tu.

Masika

Mvua zimeshika. Dari imeachwa, kila paka yuko ndani, na bei ya kila mahali imebadilika. Juu ya friji, ambapo wakati wa kaskazi hapakuwa na aliyepatazama, sasa ndipo panapogombewa, kwa sababu ya joto la mashine. Februari ningesema hakuna mwenye cheo juu ya friji. Kweli hakukuwa, maana hakukuwa na anayepataka. Cheo huonekana pale tu wawili wanapotaka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hili naliandika ili nisije nikalinganisha miezi bila kutazama hali ya hewa.

Friji wanaigawana kwa saa. Alfajiri Kaniki, mchana Zafarani, usiku Tui. Mara chache sana nimeona mmoja akimtoa mwingine. Anayekuja hukaa chini na kungoja, au huondoka. Mwaka 1996 Penny Bernstein na Mickie Strack waliandika kuhusu paka 14 walioishi nyumba moja, nao waliona paka wakitumia mahali pale pale kwa zamu za saa tofauti. Wale walikuwa 14, sisi watano, na tabia ni ile ile: wanakwepana kwa saa ili wasikutane kwa makucha.

Mabadiliko nimeyafanya moja moja. Ukibadilisha yote siku moja, mambo yakitengemaa hujui kilichosaidia ni kipi.

La kwanza, beseni la pili, limewekwa chumba cha juu nyuma ya mlango. Ushauri unaotolewa sana ni beseni moja kwa kila paka na moja la ziada, kwa hiyo sisi tungehitaji sita, na nyumba yetu haina nafasi hiyo. Lakini muhimu kuliko idadi ni umbali: mabeseni mawili yaliyokaa pamoja kwa paka ni kama moja, kwa sababu anayeziba njia ya moja ameziba ya yote. Mkeka ulisuguliwa kwa siki, ukaanikwa siku jua lilipojitokeza. Kanga alilitumia beseni jipya usiku ule ule. Mkeka haujalowa tena.

Uzito haukupanda. Nilikuwa nampima kwa kupanda mzanini naye mikononi, kisha peke yangu, na kutoa. Kilo 2.6, na baada ya beseni ni ile ile. Hilo lilinithibitishia kwamba beseni na chakula ni mambo mawili hata kama aliyekaa mlangoni ni mmoja.

La pili, sahani. Sasa ni tano, na hazionani: ya Tui jikoni, ya Kaniki dirishani kwake, ya Zafarani na ya Doa ukumbini pande mbili, ya Kanga juu ya kabati la chumba cha juu. Kazi imeongezeka, na Mama amelalamika kupanda ngazi na sahani ya samaki, kisha nimemkuta mara nyingi ameketi juu huko akimngoja Kanga amalize.

La tatu, ubao. Fundi seremala wa mtaani ametupigilia ubao ukutani kwenye korido, juu ya kimo cha mtu, unaoanzia ngazini na kuishia karibu na beseni la chini. Kanga anautumia. Tui humtazama akipita juu, kisha hurudisha macho jikoni.

Mwisho wa Mei

Kanga ni kilo 2.9. Manyoya ya mgongoni yamelala vizuri.

Vyeo havijabadilika. Nimelirudia jedwali na Kanga bado hapishwi na mtu yeyote, na bado humgeuzia Tui njia wakikutana chini. Sikutarajia tofauti, wala sikuitaka. Wapo wanaoshauri umwinue wa chini kwa kumlisha kwanza mbele ya wenzake. Mimi naona ni kumtafutia ugomvi, kwa sababu wewe utaondoka na sahani, yeye atabaki na Tui. Tulichobadilisha ni ramani: mambo yasiyoepukika, kula, kunywa, kujisaidia na kulala, hayapiti tena mlango mmoja.

Jamaa ameshapigiwa simu, Zafarani anabaki.

Doa amehasiwa wiki hii, na limetokea jambo linalofaa kujulikana na kila mwenye paka zaidi ya mmoja. Alirudi akinuka dawa na kliniki. Tui, mama yake mzazi, alimfokea. Kaniki akampiga makofi mawili na kukaa juu ya ngazi akinguruma. Paka humjua mwenzake kwa harufu kuliko kwa sura, na harufu ya pamoja ya ukoo, ile inayotunzwa kwa kusuguana mashavu na kulambana, ilikuwa imemtoka. Tulimweka chumba cha mbele peke yake, tukampangusa kwa kitambaa anacholalia Kaniki, kisha tukampa akilalie. Mlango tuliuacha wazi kidogo wakati wa chakula. Kaniki ameshaanza kumlamba tena. Tui bado humzunguka kwa mbali na kumnusa mkiani.

Zafarani alimnusa mara moja, akaenda zake barazani.

Jozi ya kuangaliwa sasa ni hiyo, Zafarani na Doa. Kabla ya kuhasiwa Doa alikuwa ameanza kukaa barazani baada ya Magharibi na kuchelewa kupisha. Tabia za dume haziishi siku moja, huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo robo saa za Magharibi zitakuwa zao wawili mpaka mwisho wa Juni. Kusi imeanza kuvuma, baraza inapigwa upepo, na huenda pakakosa anayepataka. Ikiwa hivyo, nitaandika ni upepo, sitaandika ni cheo. Mtoto wa kaka yangu ameshachora kurasa mpya, na safu ya "alitaka kupita, akarudi" sasa iko ya kwanza kushoto, kabla ya ugomvi wowote.